Kwihara: Njia ya Misafara na Uwanja wa Vita vya Ndugu

Tulishuka katika treni ya Reli ya Kati asubuhi moja ya likizo ya Desemba, watu sita wa nyumba moja: bibi, wazazi wawili na watoto watatu. Mvua ilikuwa imekwisha kuilainisha ardhi ya Tabora, na maembe yalikuwa yameiva hata yanaanguka yenyewe. Wenyeji husema kwamba miembe hiyo ndiyo alama ya njia ya zamani, kwa kuwa wasafiri walikula maembe wakatupa kokwa, na kokwa zikaota.

Nia yetu ilikuwa kutembea kwa miguu hadi Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, ili watoto waione kwa macho yao nchi ambayo vita vyake wamevisoma katika mistari michache ya kitabu cha historia. Bibi alikataa kubaki mjini. Alisema atatembea polepole nasi tutamngoja, na ndivyo ilivyokuwa.

Ndugu msomaji, katika karne ya 19 Tabora, ambayo wageni waliiita pia Kazeh, ilikuwa njia panda ya bara. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walitumia siku 134 hadi kufika hapa. Kutoka Tabora njia moja ilikwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema; nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti vilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, wakibeba mizigo mizito kwa ujira. Lakini katika njia hiyohiyo walitembea pia watu waliofungwa minyororo, wasiokuwa na ujira wala hiari.

Penye mali nyingi hapakosi ugomvi. Alipofariki Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, Mnywa Sele alishika utemi na akataka wafanyabiashara walipe ushuru wa bidhaa zao. Waarabu wa Tabora hawakukubali. Mwaka 1860 walimwondoa, wakamweka Mkasiwa, mtu wa ukoo uleule wa kitemi. Hapo nchi ikapasuka: wa ukoo mmoja wakashika silaha, huyu kwa huyu. Katika vita hivyo aliuawa Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyewakirimu wageni wengi nyumbani kwake. Speke alipopita tena mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, asifaulu. Mnywa Sele aliishi maporini, akizishambulia njia, hadi alipouawa mwaka 1865.

Watoto walidhani mambo yameishia hapo. Kumbe yalikuwa mwanzo. Magharibi, katika nchi ya Urambo, aliinuka Mtemi Mirambo, akaifunga njia ya Ujiji. Agosti 1871 Waarabu na washirika wao walimwendea kwa jeshi kubwa. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga nao. Waliuteka mji wa Zimbizo. Kisha kijana Soud akaongoza kikosi kwenda Wilyankuru, wakateka pembe na watu. Walipokuwa wakirejea na ngawira yao, watu wa Mirambo waliokuwa wamejificha katika nyasi pande zote mbili za njia wakawazukia. Soud aliuawa na wenzake wengi, na jeshi lote likavunjika.

Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah alitoka kumkabili, akatupwa na wengi wa watu wake, akauawa pamoja na vijana wachache waliobaki naye. Sehemu kubwa ya mji iliteketea. Waliokuwa Kwihara waliuona moshi, wakatoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba, wakangoja zamu yao.

Nyumba tuliyoikuta Kwihara ni tembe la udongo mwekundu, lenye paa bapa, lililojengwa upya na sasa ni makumbusho. Livingstone alikaa hapa tangu Februari hadi Agosti 1872, na wageni wengi huja kwa ajili yake. Sisi tuligeuka tukatazama upande wa mjini, tukijaribu kuukisia ule moshi. Palikuwa na mashamba ya mahindi machanga, mbuzi, na watoto wawili waliokuwa wakiokota maembe. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alitusalimu kwa Kinyamwezi, bibi akamwitikia.

Wakati wa adhuhuri ulipoingia tuliswali chini ya mwembe, rakaa mbili mbili kwa kuwa tulikuwa wasafiri. Baada ya dua, mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, akauliza: “Bibi, sisi tulikuwa upande gani?”

Tulitaka kumjibu sisi wazazi. Katika nyumba yetu jibu limekuwa jepesi siku zote: “Asili yetu ni Manyema.” Tukisema hivyo, tunanyamaza. Siku ile bibi hakunyamaza.

“Bibi yangu mzaa mama aliletwa Tabora akiwa mdogo kuliko wewe,” alisema. “Aliletwa, hakuja. Njia hii aliitembea na kamba. Hakuwa na upande, mjukuu wangu. Yeye alikuwa katika vile vilivyogombewa.”

Hatukuwa tumeyasikia maneno hayo katika miaka yote tuliyoishi naye. Mtoto akauliza tena: “Na waliomleta walikuwa Waislamu?” Bibi akajibu, “Walikuwemo.” Akaongeza kwamba bibi yake huyo alisilimu, akaolewa, akafa akiwa mwenye kuswali, na hakuiona dini kuwa ndiyo iliyomfunga kamba, aliwaona watu.

Tumelitafakari jibu hilo tangu tuliporudi. Dini yetu imekufanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, nasi tunajua kwamba wapo waliotamka shahada huku wakiuza watu. Kulificha hilo hakuilindi dini. Kunamwachia mtoto alisikie kwa wengine, na bila ya bibi wa kumweleza. Vilevile Suratul Hujurat inatuagiza kusuluhisha yanapopigana makundi mawili ya waumini. Wa Tabora walikosa msuluhishi waliyemkubali kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja alitazama mzigo wake.

Hadi Stanley alipokutana na Mirambo mwezi Aprili 1876, Mirambo na Waarabu walikuwa wamepatana, baada ya damu nyingi. Hata hivyo amani ile haikuponya udhaifu wa miaka yote hiyo. Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa, naye akajilipua kwa baruti yake kuliko kutekwa. Bendera ya kigeni ilipandishwa juu ya wote, waliolipa ushuru na waliokataa.

Kwa familia zitakazopenda kwenda, tunashauri: anzeni mapema kabla ya jua kali, chukueni maji na mkeka wa kuswalia. Zaidi ya hayo, mchukueni mzee wenu. Sisi tuliwapeleka watoto kuona vita vya watu wengine, tukarudi na habari za nyumbani kwetu.

Jioni ile, njiani kurudi mjini, mtoto alimshika bibi mkono. Alimwuliza jina la yule bibi yake. Bibi alilitaja, nasi sote tukalirudia, kisha tukamrehemu. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wote waliopita njia ile kwa miguu yao, wenye kujulikana majina na wasiojulikana. Amin.