Ndama Mwenye Paji Jeupe

Hapa Mwazye ng'ombe mweusi wa jirani yetu alizaa ndama mwenye mabaka meupe pajini, tumboni na miguuni. Fahali wa zizi lile naye ni mweusi mtupu. Mwenye mali akasema kijana mchungaji amebadilisha ndama malishoni, akamzuilia mshahara. Nasi twakiri: siku ya kwanza tulimshuku pia. Kisha tukaona haya, maana tulihukumu kabla ya kujifunza.

Rangi ya mnyama hutoka katika chembe ndogo zinazoanzia penye uti wa mgongo, naye angali tumboni. Kutoka huko husafiri mpaka zienee mwili mzima. Paji la uso, tumbo na miguu ni mahali pa mbali. Zikiwa chache au zikichelewa, hapo hubaki peupe. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, na kwa farasi pia, ambao wataalamu wamewachunguza sana. Safari hiyo hutawaliwa na asili za urithi ziitwazo jeni. Lakini hata farasi wawili wenye urithi uleule huweza kutofautiana alama zao nyeupe.

Tena urithi waweza kujificha. Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agostino mjini Brno, alipanda njegere, na mwaka 1866 akachapisha aliyoyaona: sifa isiyoonekana kwa wazazi huweza kutokea kwa watoto. Kuna mabaka ya ng'ombe yafuatayo njia hiyo. Dume na jike weusi, kila mmoja akiwa na urithi wa mabaka uliofichika, hutazamiwa kupata ndama mmoja wa mabaka katika kila wanne.

Kumbukeni Mwanzo 30. Labani aliwatenga wanyama wenye madoa na mabaka, akamwachia Yakobo wa rangi moja kuwachunga. Hata hivyo wenye madoa walizaliwa. Na katika sura ya 31 wana wa Labani wananung'unika kwamba Yakobo ametwaa mali ya baba yao.

Tulimweleza jirani hayo yote. Alisikiliza, akanyamaza, baada ya siku chache akamlipa kijana haki yake. Lakini kijana hakurudi zizini kwake. Mshahara hulipwa kwa siku moja. Jina la mwizi halifutiki upesi hivyo. Basi, ndugu, tukiona jambo tusilolijua, tuulize kwanza, ndipo tuseme.