Safari Yetu ya Kandy, Mji wa Wafalme wa Sarandibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutaka tutembee katika ardhi yake, tutazame na tuzingatie. Ndugu wasomaji, wako wenzetu waliotuuliza: Yawaje mwalimu wa chuo, aliyepitisha umri wake akiwasomesha watoto tauhidi, afunge safari kwenda kuingia katika nyumba ya masanamu? Suali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa kueleza tuliyoyaona, ili wazee wapime na vijana wafahamu.

Mji wenyewe ni Kandy, ulio baina ya milima katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho Waarabu wa kale walikiita Sarandibu. Tulitoka Colombo kwa gari la moshi, likapanda milima polepole mpaka tukauona mji na ziwa lake. Hapa ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa mwisho wa Wasinhala. Wareno na Waholanzi waliuingia mji huu kwa vita, lakini hawakuweza kuushika. Mwaka 1815 Waingereza waliutwaa, wakamkamata Mfalme Sri Vikrama Rajasinha na kumpeleka Vellore, Bara Hindi, akafia huko mwaka 1832. Ziwa lile ni yeye aliyelitengenezesha mwaka 1807. Ziwa lingalipo, mwenyewe hakujaaliwa kulitazama hata miaka kumi.

Kando ya ziwa lipo hekalu kubwa liitwalo Dalada Maligawa, yaani Kasri ya Jino. Mabudha waamini kuwa ndani yake mna jino la Budha, lililoletwa kutoka Bara Hindi katika karne ya 4, na yasemwa kuwa binti mfalme alilificha katika nywele zake. Zamani aliyelishika jino hilo ndiye aliyehesabiwa kuwa na haki ya kutawala. Kwa hiyo kila wafalme walipohamisha mji wao, jino nalo lilihama.

Mlangoni tulisita. Mwenyeji wetu, Muislamu mzaliwa wa pale, akatwambia: "Shekhe, hapa hapana atakayekutaka usujudu. Wanalotaka ni uvue viatu na usitiri mwili." Tukacheka, kwani hayo mawili ndiyo tunayowahimiza watoto wetu kila siku kwenye mlango wa msikiti. Tukavua viatu, tukaingia.

Ilikuwa ibada ya asubuhi, ya pili katika ibada tatu za kila siku. Wapiga ngoma walikuwa vifua wazi, wamevaa shuka nyeupe na mishipi myekundu. Watu walipanda ngazi kwa utulivu, baba, mama na watoto, wengi wao katika nguo nyeupe na maua mikononi. Jino halionekani, limo ndani ya makasha saba ya dhahabu, moja ndani ya jingine, na waendao hupita wakaliona lile la nje tu. Bibi mmoja mzee alipoona mikono yetu mitupu alitupa ua la yungiyungi ili nasi tuliweke pale. Tuliweka mkono kifuani, tukamjulisha kwa ishara kuwa dini yetu hairuhusu. Hakuchukia; alitabasamu akatupisha njia. Tulitamka shahada moyoni, wala hatukuona haja ya kumkunjia mtu uso. Adhuhuri tuliswali katika msikiti wa mji.

Siku ya pili tulikwenda nje ya mji kutazama mahekalu mawili ya mawe, Gadaladeniya na Lankatilaka, yote mawili ya mwaka 1344. Mwaka huo ndio aliofika kisiwani Ibn Battuta, yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alikwenda kuupanda mlima wenye alama ya unyayo, ambao Waislamu husema ni wa Nabii Adamu, na Mabudha husema ni wa Budha. Naye ameeleza kuwa wenyeji wasio Waislamu waliwaheshimu Waislamu, wakiwakaribisha majumbani na kula nao.

Heshima hiyo haikuwa ya maneno matupu. Mwaka 1626 Wareno waliwafukuza Waislamu katika sehemu za pwani walizozitawala. Aliyewapokea ni Senarat, mfalme Mbudha wa Kandy, akawapa mahali pa kukaa. Katika wazao wao walitoka waganga waliowatibu wafalme, na wachukuzi waliosafirisha chumvi milimani kwa ng'ombe.

Lakini tusiwafiche wasomaji ubaya uliokuja baadaye. Mwaka 1915 zilizuka fujo katika mji huohuo, chanzo chake maandamano ya Mabudha kupita mbele ya msikiti. Januari 1998 wapiganaji wa Kitamil walilipua lori la mabomu mbele ya hekalu la Jino, watu wakafa na kuta zikabomoka. Machi 2018 misikiti na maduka ya Waislamu yalichomwa katika vitongoji vya Kandy. Na mwaka uliofuata, siku ya Pasaka, vijana waliojinasibisha na dini yetu walilipua makanisa na mahoteli ya kisiwa hicho, wakaua watu zaidi ya 250. Mwenyeji wetu alipotusimulia hayo ya mwisho alishindwa kuinua macho. "Ya 2018 yalituumiza," alisema, "lakini ya 2019 yalitutia aibu."

Basi jawabu letu ni hili. Hatukwenda kutafuta dini. Dini tunayo, na twamshukuru Mungu. Tulikwenda kumjua jirani. Katika Sura ya Al-An'am tumekatazwa kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine. Nasi tumeona kwa macho yetu kuwa katazo hilo ni kinga ya damu za watu. Imani isiyoweza kupita mbele ya sanamu bila ya kutukana ni imani yenye khofu. Na asiyeheshimu mlango wa mwenziwe, atamwambia nini mwenziwe siku atakapoufikia mlango wa msikiti?

Enyi vijana, shikeni tauhidi kwa nguvu, na ndimi zenu ziwe laini. Yule bibi wa yungiyungi hatukulipokea ua lake, lakini tabasamu lake tulilirejesha, na hilo halikutupunguzia kitu katika dini yetu. Wabillahi taufiq.