Anza na simu uliyo nayo

Kila mara mtu ananiuliza, "Ninunue kamera gani nianze kupiga picha?" Usinunue kwanza. Simu iliyo mfukoni inatosha.

Pangusa lenzi kwa kitambaa safi, maana vumbi la Garsen halina huruma. Toka saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Saa saba mchana watu hutoka na vivuli vyeusi machoni. Ukitaka kitu kionekane kwa karibu, sogea kwa miguu. Ukivuta kwa vidole picha inachakaa. Na usimpige mtu kabla hujamuomba. Mimi huanza na salamu, simu baadaye.

Sasa, kwa nini nakusukuma? Wengi huko nje wanaijua Tana River kwa picha za mapigano ya 2012 na mafuriko ya 2018 na 2023. Ni kweli yalitokea. Lakini mwaka huo huo wa 2012, delta yetu iliingia kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani. Picha zake umeona ngapi?

Mpiga picha anayekuja na mafuriko huondoka nayo. Ng'ombe wa Waorma wakirudi jioni, Wapokomo wakipakia maembe, mtumbwi ukivuka mto: hizo zinatungoja sisi tunaoishi hapa.

Wiki hii piga picha kumi za mtaani kwako. Futa tisa. Iliyobaki iposti, uandike ni wapi.