Shika Kihariri Kimoja, Ukijue Barabara

Mpwa wangu mpendwa,

 

Umeniuliza ushike kihariri kipi cha kuandikia programu, maana kila mwenzako anasifia chake. Mshika mbili moja humponyoka: chagua kimoja, ukizoee mpaka vidole vijue njia. Pamoja na hicho, jifunze kihariri kiitwacho vi kwa kiasi cha kujiokoa.

Kwa kazi za kila siku, VS Code inatosha. Microsoft waliitoa mwaka 2015, ni ya bure, na kwa kuwa timu yako inaitumia, ukikwama hutakosa wa kukuelekeza. Usihangaike na rangi za dirisha. Jipime kwa haya: je, unaweza kulifikia faili bila kupekua folda moja moja? Kubadili jina la kigeu kila lilipotumika, kwa mara moja?

Lakini ipo siku utaitwa usiku, seva imegoma. Utaingia kutoka mbali kwa SSH, intaneti inasuasua, kipanya hakikusaidii kitu. Kwenye karibu kila seva ya Linux utaikuta vi, au Vim iliyotokana nayo. Bill Joy aliianza vi huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, akifanya kazi kwa modemu ya polepole mno, ndiyo maana amri zake ni fupi: dd hufuta mstari, u huurudisha, :wq huhifadhi na kutoka, :q! hutoka bila kuhifadhi.

Tazama pia nani anakitunza chombo. Atom ya GitHub ilipendwa sana, lakini Desemba 2022 wenyewe waliifunga, na walioizoea wakalazimika kuhama. Vim aliitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Hakuiuza, aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Alipofariki mwaka 2023, wenzake wa kujitolea waliendelea na kazi. Andika :help uganda ndani ya Vim, usome ombi lake. Chombo chenye watu wa namna hiyo nyuma yake kinastahili jasho lako.

Jumamosi hii fungua terminali ya tarakilishi yako, andika vimtutor, ufuate somo hadi mwisho. Ni la nusu saa hivi. Lirudie wiki inayofuata, kisha unijulishe umefika wapi.



Mjomba wako