Kompyuta Kuukuu Inayotunza Sauti ya Mama

Mama hakupenda kuandika. Kila jambo alilituma WhatsApp kwa sauti, kuanzia salamu za asubuhi hadi namna ya kupika samaki wa kupaka. Alipofariki, sauti hizo zilibaki zimetawanyika katika simu za watoto wake. Kisha dada akaporwa simu kituoni Buguruni, na fungu lake likapotea lote. Nashuhudia kwamba msiba huo wa pili ndio ulionigeuza. Zamani nilidhani kumbukumbu za ukoo zinajitunza zenyewe.

Wengi walinishauri niweke kila kitu mtandaoni. Sina ugomvi na huduma hizo, ila tangu Juni 2021 Google Photos iliacha kupokea picha bure bila kikomo, na zile GB 15 za bure zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili mengine. Harusi moja yenye video inazimaliza. Halafu kuna malipo ya kila mwezi, na bando la kupandishia. Mimi nilitaka sauti ya mama ikae nyumbani kwa mama.

Stoo tulikuwa na kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini, Core i3 yenye RAM ya GB 4. Niliifungua, nikapuliza vumbi kwenye feni, nikakagua kapasita za mazabodi kama zimevimba. Zilikuwa nzima. Hadidiski nilizikusanya kwa ndugu na majirani waliokuwa na mashine mbovu, na hapa nawasihi wenzangu msikilize: diski kuukuu haipewi kazi kabla ya kusomwa. Kuna programu ya bure iitwayo smartctl inayoonyesha historia yake. Nilitazama mstari wa sekta zilizohamishwa, yaani sehemu ambazo diski yenyewe imeziona zimeharibika ikazikwepa. Moja ilikuwa na mamia, nikaiweka kando ingawa ilizunguka kimya kabisa. Mbili za TB 1 zilisoma sifuri. Hizo nikazifunga pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye nyingine, ili ikifa moja kazi iendelee.

Programu niliyochagua ni OpenMediaVault. Ilianzishwa na Mjerumani Volker Theile, ikatoka mwaka 2011, imejengwa juu ya Debian na ni ya bure. TrueNAS ni nzuri pia, lakini inataka RAM ya GB 8 kwenda juu, na mimi sikuwa nayo. Ukishaiweka OpenMediaVault, kiwambo na kibodi unavichomoa. Mashine unaiendesha kwa simu au kompyuta nyingine, kupitia ruta ya nyumbani. Intaneti hata ikikatika, picha zinafunguka. Ruta yangu ni ya zamani, matundu yake ni ya megabiti 100, kwa hiyo video ya harusi ya GB 20 huchukua karibu nusu saa kuingia. Tunasubiri.

Umeme nao una hesabu yake. Mashine inayokula wati 50 usiku na mchana hutafuna uniti 36 kwa mwezi, na kwa mtu wa LUKU hizo si kidogo. Nikaipangia saa kwenye BIOS ijiwashe yenyewe jioni, na kazi ya kujizima saa nne baadaye. Matumizi yakashuka hadi uniti 6 hivi. Nikaongeza UPS ndogo, maana umeme ukikatika diski inapoandika, faili linaweza kuharibika.

Lakini badiliko kubwa lilitokea sebuleni. Shangazi alipokuja kututembelea, tulimwekea kwenye runinga picha za zamani tulizozipiga upya kwa simu. Ikaja ya msichana aliyesimama na baiskeli mbele ya duka, kitenge kifundoni, picha ambayo sote tuliiita ya mama. Shangazi akasogea karibu na kioo. “Mwanangu, huyu si mama yako. Huyu ni mimi. Mama yako ndiye aliyeshika kamera.” Akataja mwenye duka, akataja mtaa, akaeleza baiskeli ilikuwa ya nani. Binti yangu aliyaandika yote kwenye jina la faili palepale, huku shangazi akimsahihisha tahajia. Tangu hapo kila mzee anayekuja anaketishwa mbele ya runinga, na watoto ndio makarani. Tulikuwa na picha nyingi, sasa tunawajua watu wetu. Hilo ndilo ninalolishuhudia kwa moyo wote.

Diski pacha, hata hivyo, si akiba. Ukifuta faili, linafutika pande zote mbili. Mwizi akibeba boksi, amebeba zote. Mpiga picha Peter Krogh aliieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mahali pengine. Nakala yetu ya nje iko kwa dada Morogoro, kwenye diski ya kubeba, na hubadilishwa kila mmoja wetu anaposafiri.

Ndugu msomaji, kama una mashine imelala stoo, anza na sauti za wazee. Ukishazinakili, zifungue kwenye kifaa kingine uzisikilize hadi mwisho, ndipo uzifute kwenye simu.