Klachi Haiachii

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Makobola nikakuta Land Rover ya Papa imesimama chini ya mwembe, na kuku wanalala ndani yake. Nilijua kuna jambo. Gari lile halijawahi kulala mchana. Papa alilinunua likiwa tayari limezeeka, ni Series III, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1971, lenye gia nne na bati la alumini lililobonyea kila upande. Ndilo lililotulea. Linabeba mihogo, ndagala na mafuta ya mawese hadi soko la Uvira, na kurudi na chumvi, saruji na watu. Kutoka kwetu mpaka Uvira ni yapata kilometa 15 tu kwa Barabara ya Taifa namba 5, ziwa likiwa upande mmoja na milima upande mwingine, lakini anayeijua barabara ile wakati wa mvua hahesabu kwa kilometa.

Usiku wa kwanza, baada ya kula, Papa aliniita nje.

“Mama,” akaniambia. Kwetu baba humwita binti yake hivyo akiwa na jambo zito. “Ile bwati imekufa. Fundi wa Uvira ameniambia. Nyingine inapatikana, ya kutumika, kwa dola 600.”

Sikuhitaji kuuliza fedha zingetoka wapi. Nyumbani kulikuwa na dola 640, na zote zilikuwa ada ya mwaka wangu wa mwisho hapa chuoni. Hakuniamuru. Aliniuliza kama ningeweza kungoja mwaka mmoja, gari likarudi barabarani, fedha zikarudi nyumbani. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa sina jibu lingine, nilisema nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Wadogo zangu watatu wanakula kutokana na gari lile, mimi nakula kutokana na kitabu ambacho bado hakijanilipa hata franga moja.

Kesho yake nikamuuliza Papa gari lilianzaje kuumwa. Akanijibu kama alivyomjibu fundi wa Uvira: “Vitesi inakataa.”

Naomba msomaji alishike neno hilo, vitesi. Sisi wa upande wa Kongo tumelichukua kwa Wafaransa, kwao likiwa na maana ya mwendo wa kasi, tukaliweka mahali ambapo Watanzania na Wakenya wanasema gia, walilolichukua kwa Waingereza. Sanduku lenye gia sisi tunaliita bwati, wao giaboksi. Klachi sisi ni ambreyaji. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika orodha ndefu ya maneno ya namna hiyo kwa ajili ya zoezi la msamiati, nikapata alama nzuri, na nilidhani nimeshamaliza kazi na maneno hayo.

Chini ya barabara, karibu na ziwa, anaishi mzee mmoja ambaye aliwahi kuwa fundi. Alianza ujana wake akiwa msaidizi wa karakana ya Uvira, akifundishwa kwa Kifaransa kilichovunjika. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 watu wengi waliuawa Makobola, na waliosalia wakakimbia. Yeye alivuka ziwa na familia yake, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Humo alipata kibarua kwenye karakana ya magari ya mashirika, na huko akajifunza ufundi ule ule kwa mara ya pili, safari hii kwa maneno mengine. Ndiyo maana ukimsikiliza anachanganya: diski, klachi, bwati, giaboksi, vyote kinywani mwa mtu mmoja. Alirudi kwa meli, Kigoma hadi Baraka, miaka ile wakimbizi walipoanza kurejeshwa. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri na hafungui tena magari ya watu.

Papa hakutaka kumsumbua. Nilikwenda mwenyewe.

“Gari iko na shida gani?” akaniuliza.

“Mzee, gia zinagoma.”

“Kugoma si ugonjwa. Mwalimu naye anagoma. Inakataa namna gani?”

Nikanyamaza. Nimesoma mihula mitano ya isimu na sikuwa na sentensi ya kumpa. Akainuka, akachukua fimbo yake, tukapanda wote mpaka chini ya mwembe.

Nitaeleza alichokifanya kwa mpangilio aliokifanyia, kwa sababu mpangilio ndio uliokuwa na thamani. Kwanza hakugusa chombo chochote. Alikaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha ya nyuma. Zote ziliingia laini kama kisu ndani ya papai.

“Mumesikia kitu?”

“Hapana, Mzee.”

“Bwati iliyokufa haifufuki kwa kuzima mashine.”

Kisha akamwambia Papa awashe. Injini ikaunguruma, mzee akakanyaga klachi mpaka chini, akahesabu kumi kwa sauti, akajaribu gia ya nyuma. Meno yakapiga kelele mpaka kuku wakatimka. Akatueleza kwamba gia ya nyuma ya gari lile ni shahidi asiyesema uongo. Gia za mbele zina pete za shaba ambazo hulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana, kwa hiyo zinaweza kukuficha ukweli. Ya nyuma haina pete. Klachi ikiachia sawasawa, ndani ya sekunde chache meno husimama, na gia ya nyuma huingia kimya. Ikilia baada ya kuhesabu kumi, kuna kitu bado kinayazungusha, na kitu hicho ni injini yenyewe.

Halafu akafanya jambo la tatu. Alikanyaga pedali haraka haraka mara tatu, na ya nne akaishikilia. Gia ya nyuma ikaingia bila sauti. Mzee akacheka peke yake.

Wanaosoma lugha kama mimi huenda wanahitaji maelezo hapa, nami nilihitaji. Klachi ni mahali ambapo injini na bwati hushikana mikono. Kuna gurudumu zito nyuma ya injini, kuna diski yenye magamba ya kushikia, na kuna sahani yenye springi inayoibana diski ile kwenye gurudumu. Mguu ukiwa juu, vyote vitatu vinazunguka pamoja na nguvu inapita. Ukikanyaga, sahani inarudi nyuma, diski inabaki huru, na bwati inatulia ili uweze kubadili gia. Katika Land Rover ile mguu hauivuti sahani kwa waya. Unasukuma mafuta. Pampu ndogo iliyo juu, karibu na pedali, inasukuma mafuta kwenye bomba, mafuta yanasukuma pampu nyingine chini, na hiyo ya chini inasukuma mkono wa klachi. Mafuta yakivuja, au hewa ikiingia, mguu unafika sakafuni lakini chini kule mkono unasogea nusu tu. Diski haiachiwi. Ukikanyaga mara kadhaa unaongeza mafuta kidogo kidogo mpaka yanatosha, na ndiyo maana gia iliingia kwa mara ya nne.

“Klachi haiachii,” mzee akasema. Kisha akanigeukia mimi. “Andika hivyo, wewe unayesoma.”

Niliandika. Na nilipokuwa naandika niliona kitu ambacho kingekuwa wazi kwangu tangu mwanzo kama ningekuwa nasikiliza kwa masikio ya darasani. Kuzima na kuwasha injini, huku kila kitu kingine kikibaki vile vile, ni jozi mlinganuo finyu. Ni pata na bata. Unabadili kitu kimoja, unasikiliza kama maana imebadilika. Injini imezimwa, gia zinaingia, imewashwa, hazingii, tofauti ni mzunguko, basi ugonjwa uko mahali mzunguko unapokatwa. Mzee yule hajawahi kusikia habari za fonimu, lakini sijaona mhadhiri aliyenionyesha kwa uwazi zaidi namna ya kuitafuta.

Nilimwomba anipe na magonjwa mengine, nikajaza kurasa mbili. Kila ugonjwa ulikuwa na kitenzi chake. Klachi inateleza: unapanda kilima, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo; hapo diski imekwisha au ina mafuta, na ni kinyume kabisa cha kutoachia. Gia inaruka: imeingia yenyewe vizuri, kisha inatoka njiani. Gia moja inalia na nyingine zote ni kimya: hiyo ni pete yake imelika, usisumbue klachi. Inavuma ukikanyaga: beringi inayosukuma sahani. Inavuma ukiachia, na inanyamaza ukikanyaga: beringi iko ndani ya bwati, anza kutafuta fedha. Kukanyaga na kuachia, vitenzi viwili tu, na kati yake kuna tofauti ya mamia ya dola.

Tulilala chini ya gari, au tuseme yeye alilala juu ya gunia na mimi nikawa mguu wake. Alichora alama ya chaki kwenye fimbo ya pampu ya chini akaniambia nikanyage. Ilisogea kidogo sana. Akaikunja kofia ya mpira ya pampu ile, na mafuta yakamchuruzikia kiganjani. Vikombe vya mpira vya ndani vilikuwa vimelika. Tena ule mpira mfupi unaopitisha mafuta, kila nilipokanyaga, ulivimba kama shavu la mtoto anayepuliza moto.

Papa alikwenda Uvira kwa pikipiki kutafuta vikombe, mpira na mafuta ya breki. Vyote pamoja na nauli vilikuwa dola 31. Kijana wa jirani alivifunga, mzee akiongoza kwa vidole. Halafu tukatoa hewa, kazi iliyochukua nusu ya asubuhi: mimi kwenye pedali, yeye chini na chupa. “Kanyaga. Shikilia. Shikilia, nimesema! Sasa achia.” Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Nikahesabu kumi, nikaingiza gia ya nyuma mwenyewe. Iliingia kimya. Sitasema kwamba sikulia, kwa sababu mdogo wangu aliniona.

Papa alipokwisha kulizungusha gari mpaka barabarani na kurudi, hasira zikampanda. Alitaka kwenda Uvira siku ile ile kumwaibisha yule fundi mbele ya wateja wake, kwamba alitaka kumla mtoto wake ada. Mzee akamzuia.

“Wewe ulimwambia nini?”

“Nilimwambia vitesi inakataa.”

“Basi alikujibu ulichomuuliza. Ulimwonyesha mkono, akatazama mkono.”

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitabu kadhaa nilivyoazima maktaba mwaka huu. Dereva hutaja ugonjwa mahali anapousikia. Kelele anaisikia mkononi, kwenye mti wa gia, kwa hiyo anasema gia, anasema vitesi, na neno hilo linamfungulia fundi mlango wa bwati kabla hajainama. Lakini ugonjwa ulikuwa mguuni, ambako Papa hakusikia chochote. Hapo si suala la Kifaransa na Kiingereza. Angesema “gia zinakataa” kwa Kiswahili cha Kigoma angefikishwa kwenye sanduku lile lile kwa jina la giaboksi. Orodha yangu ya mwaka wa kwanza, yenye jozi zake nzuri za maneno, isingemwokolea hata dola moja.

Sina budi kuwa mkweli kwa yule fundi wa Uvira pia. Siku iliyofuata nilipanda na Papa kwenda sokoni, na kila aliporudisha kutoka ya nne kwenda ya tatu, nilisikia mkwaruzo mfupi. Ya tatu tu. Nikafungua daftari: gia moja inalia, nyingine kimya. Pete ya gia ya tatu imelika. Kwa hiyo ndani ya bwati kulikuwa na ugonjwa wa kweli, na pengine alikuwa ameusikia. Kosa lake ni kuuita kifo. Mzee alisema gari linaweza kuishi nao miaka. Alimwonyesha Papa namna ya kukanyaga mara mbili, mara moja kutoa gia, mara moja kuingiza, na kati yake kugusa mafuta kidogo ili meno yapatane mwendo. Papa anafanya hivyo sasa, huku akinung'unika kwamba anacheza ngoma ndani ya gari.

Nilivuka ziwa na ada yangu mwezi uliofuata.

Juzi usiku Papa alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia mvua juu ya bati.

“Mama, gari iko inalia tena.”

“Inalia ukikanyaga, Papa, au ukiachia?”

Akakaa kimya kidogo.

“Ngoja,” akasema. “Niende nisikilize.”