Chaja ni kama kisima, tunyweshe kwa zamu

Ukisimama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela siku hizi, utaona baadhi ya boda boda zikipita kimya kama paka. Hazinywi petroli. Mwenyewe akiishiwa na moto huingia kituoni, akaacha betri iliyokwisha, akachukua iliyojaa na kwenda zake.

Mwenye motokaa hana bahati hiyo. Betri yake imefungwa chini ya sakafu, nayo ina uzito wa mamia ya kilo. Hana budi kulileta gari zima kwenye chaja na kungoja. Hapo ndipo vituko huanza.

Shemeji yangu ni dereva wa teksi. Gari lake ni Nissan Leaf kuukuu kutoka Japani, lenye betri ya yuniti 24 za stima. Hulichaji nyumbani usiku kucha. Stima ikipotea usiku, asubuhi hutafuta kituo cha umma.

Jumamosi moja niliandamana naye. Alikuwa na miadi ya kumrudisha mama mmoja mgonjwa Kajiado mjini, safari ya kama kilomita 50. Kituo cha kwanza tulikuta gari la petroli limeegeshwa mbele ya chaja, mwenyewe yuko sokoni. Cha pili kilikuwa wazi, lakini plagi zake zilikuwa za magari ya Ulaya, nazo haziingii kwenye gari la Japani. Tulipopata stima hatimaye, yule mama alikuwa amekwisha kupanda matatu. Unga wa siku ukaenda hivyo.

Je, tuseme magari haya hayafai? La hasha! Mnamo 2023, EPRA iliweka bei maalumu ya stima ya kuchajia magari: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na faida ya mwenye kituo. Tena stima yetu nyingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, si mafuta ya kununuliwa ng'ambo.

Kasoro iko kwenye vituo vichache na desturi zetu. Kwa hivyo, kabla ya kung'oa nanga, piga simu kituoni. Uliza kama chaja inafanya kazi, kama plagi yako ipo, na kama kuna foleni. Betri ikifika asilimia 80, wapishe wengine, kwani kutoka hapo chaja ya kasi huanza kujikokota. Ukiondoka kidogo, acha nambari ya simu kwenye kioo. Nawe wa petroli, tafadhali egesha kwingine.

Wafugaji wa Kajiado wanalijua jambo hili tangu zamani. Wakati wa kiangazi, mifugo hunyweshwa kisimani kwa zamu, na aliyekwisha kunywesha huwaondoa ng'ombe wake ili mwenzake asogee. Hakuna anayelaza kundi lake kisimani. Sisi wa mjini tunashindwa na nini?